Mdai Ashike Nini? Historia ya Deni na Mahakama Katika Kilosa na Mikumi

Leo tumo katika historia, lakini hatutasema habari za majumbe wala za vita. Tutasema habari za deni. Najua neno hili halipendezi masikioni. Mtu huweza kueleza ugonjwa wake barazani, watu wote wakasikia, kisha akaficha deni lake hata mbele ya mkewe. Kwa sababu hiyo hiyo nimeona lafaa kufundishwa kwa sauti.

Nawaomba mshike swali moja, mwende nalo toka mwanzo wa somo hata mwisho. Swali lenyewe ni hili: mkopaji akishindwa kulipa, mdai anaruhusiwa kushika nini? Mwili wa mtu? Shamba lake? Mshahara? Sufuria iliyo jikoni? Kila zama zimelijibu swali hili kwa namna yake. Jibu la siku hizi limeandikwa katika sheria, lakini wengi wanaodaiwa hawalijui. Kwa kuwa hawalijui, hukimbia mahali pasipo na haja ya kukimbia, na hunyamaza mahali ambapo kunyamaza ndiko kunakowapotezea haki yao.

MIZIGO YA KUKOPA

Tuanze na mto. Ukiwa Kilosa mjini utauona mto Mkondoa, ambao wageni wa kale waliuandika Mukondokwa. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka mbuga ya Mkata, ikafuata bonde la mto huu kupanda milima ya Usagara, ikaelekea Ugogo na Unyanyembe. Mwingereza Burton alipita nchi hii mwaka 1857. Stanley aliipita mwaka 1871, naye aliikuta mbuga ya Mkata katika masika, maji na tope kila upande. Mwenyeji wa Kilosa hatashangaa kusikia hivyo.

Wapagazi walibeba merikani na kaniki, ushanga na waya wa shaba. Watoto shuleni hufundishwa kwamba hiyo ilikuwa mali ya wenye misafara. Kwa sehemu kubwa haikuwa yao. Ilikuwa mali ya kukopa. Mwenye msafara aliichukua Unguja au Bagamoyo kwa matajiri wa Kihindi, na mmoja aliyekuwa na jina kubwa kati yao ni Taria Topan. Mkopaji aliahidi kulipa kwa pembe za ndovu atakaporudi, pengine baada ya mwaka, pengine baada ya miaka kadhaa. Bei ya nguo iliyokopwa ilizidi bei ya nguo iliyonunuliwa taslimu, na katika tofauti hiyo ndimo ilimokaa faida ya mkopeshaji, ingawa hakuna aliyeitaja kuwa riba. Tusisahau jambo hili, maana tutakutana nalo tena: faida ya mkopo haipendi kuitwa kwa jina lake.

Tajiri akimdai tajiri, mambo yalikwenda kwa barua na ushahidi. Hamed bin Muhammed, ambaye wengi twamjua kwa jina la Tippu Tip, alifanya biashara yake yote kwa kukopa, na mwenyewe amesimulia hayo katika kitabu cha maisha yake alichokiandika kwa Kiswahili. Mwaka 1887 alifanya mapatano na Stanley, aliyekuwa akienda kumtafuta Emin Pasha, kwamba atampatia wapagazi. Stanley alidai kwamba mapatano yalivunjwa. Basi mwezi Desemba mwaka 1889 alifungua mashtaka katika mahakama ya Konseli wa Kiingereza huko Unguja, na fedha za Tippu Tip, kiasi cha pauni 10,000, zilizokuwa mkononi mwa nyumba ya Taria Topan, zikazuiwa. Tazama hapo, ndugu msomaji. Hawakumkamata mtu. Yeye mwenyewe alikuwa mbali sana, huko Kongo. Walikamata fedha zake zilizokuwa mkononi mwa mtu mwingine, kama vile leo mahakama inavyoweza kuagiza benki izuie akaunti.

Tippu Tip alifanya nini? Angeweza kusema, ‘Mimi niko Kongo, nani atanifuata huku?’ Lakini alikuwa mfanya biashara, naye alijua kwamba shauri lisilojibiwa huamuliwa bila yako. Akafunga safari ndefu ya kurudi pwani, akaugua njiani, na mwaka 1891 akafika Unguja. Mashtaka yale yakaachwa. Sina nia ya kumsifu, kwa maana biashara yake ilijaa damu ya watu. Nataka tu mwone kwamba aliitika wito wa mahakama.

Na maskini je? Yeye hakuwa na fedha katika nyumba ya tajiri yeyote. Alikuwa na jamaa zake tu. Katika nchi nyingi za pwani na za bara, njaa ilipoingia, mzee wa ukoo aliweza kumpeleka mtoto au mpwa kwa mwenye chakula, akae huko kama rehani mpaka chakula kilichokopwa kirudishwe. Mtoto yule alifanya kazi, wala kazi yake haikupunguza deni. Mwaka ukipita bila kukombolewa, na wa pili ukipita, mtu wa rehani hakuwa na tofauti kubwa na mtumwa. Jibu la swali letu katika zama zile lilikuwa hilo: mdai aliweza kushika mwili wa mtu. Katika Tanganyika msingi wa desturi hiyo ulikatwa kwa sheria mwaka 1922, Serikali ya Kiingereza ilipofuta utumwa.

Kabla hatujaondoka Usagara, neno moja juu ya karatasi. Desemba 1884 Mjerumani Carl Peters alifika katika milima hii, akawafanya wakubwa wa nchi watie alama zao katika karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Februari 1885 Kaizari akaitoa hati yake ya ulinzi, na karatasi zile zikawa ushahidi kwamba nchi imetolewa. Kutia alama chini ya maneno usiyoyasoma ni jambo la zamani katika Kilosa.

KIPANDE NA RUHUSA YA BWANA SHAURI

Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907, ikaendelea kupita Kilosa hata Tabora mwaka 1912. Kandokando yake, hasa Kimamba, yakafunguliwa mashamba makubwa ya pamba na mkonge. Wafanya kazi walitoka mbali, wakaitwa manamba. Mshahara wao haukuhesabiwa kwa mwezi wa kalenda. Kila mtu alikuwa na kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na siku aliyofanya kazi iliandikwa humo. Kipande kikijaa ndipo alipolipwa. Lakini tumbo halingoji kipande kijae. Hapo ndipo duka lilipoingia katika maisha ya mfanya kazi: sukari, mafuta ya taa, shuka, sigara, vyote kwa daftari la dukani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Mwaka 1923 Serikali ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, nayo ikarekebishwa mwaka 1931. Ilisema kwamba mtu asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika, deni hilo haliwezi kudaiwa mahakamani ila liwe limekubaliwa kwa maandishi na ofisa wa Serikali, yule ambaye wazee walimwita Bwana Shauri. Maana yake ni kwamba kama dukawala wa Kilosa alikupa bati za nyumba kwa mkopo bila ruhusa hiyo, nawe ukakataa kulipa, hakimu hakuweza kumsaidia.

Je, hiyo ilikuwa sheria njema? Nimezungumza na wazee, na mmoja alinijibu huku akicheka kwamba ilikuwa njema sana kwa wasiopenda kulipa. Lakini tufikiri. Serikali ilisema kwamba inamlinda Mwafrika asinaswe na madeni, na kwa kweli ilimlinda na jambo moja: hakuburutwa mahakamani kwa daftari la dukani ambalo hakuliandika yeye. Upande wa pili, mkulima wa Rudewa au Msowero aliyetaka kununua lori au mashine ya kusaga hakuwa na njia. Benki haikutaka kumkopesha mtu ambaye haimwezi mahakamani. Sheria ilimweka mtu mzima mwenye mke na watoto katika hali ya mtoto mdogo asiyeweza kufanya mapatano. Mimi naihesabu kuwa sheria ya dharau, hata kama ndani yake mlikuwa na punje ya huruma.

Wala mkopo haukukoma. Dukawala aliyejua kwamba hana mahakama alifanya hesabu yake: alipandisha bei ya vitu vya kukopa, au alimpa mkopo yule tu ambaye mavuno yake angeyachukua mwenyewe. Mkopo ukikatazwa mlango wa mbele huingia kwa mlango wa nyuma, na huko nyuma hakuna hakimu wa kuuliza bei.

KARAFUU ZILIZOUZWA BILA KUUZWA

Tuvuke bahari kidogo, kwa maana Unguja na Pemba walipata shida ya upande mwingine. Bara mdai alifungiwa mahakama, lakini Visiwani alikuwa nayo, na alichoshika kilikuwa shamba.

Mwenye mikarafuu alihitaji fedha kabla ya mavuno ili awalipe wachumaji. Riba ni haramu katika dini. Basi palikuwa na mapatano yaliyoitwa bei-khiyari. Kwa karatasi, mwenye shamba alimwuzia mkopeshaji shamba lake, akabaki na hiari ya kulinunua tena katika muda uliowekwa. Kwa kweli hakuondoka. Alikaa pale pale, akichuma pale pale, akilipa kodi ya shamba ambalo jana lilikuwa lake. Kodi ile ndiyo iliyokuwa faida ya mkopo. Karafuu ziliposhuka bei sana mwanzoni mwa miaka ya 1930, wengi walishindwa kukomboa, na mauzo yaliyokuwa ya maneno yakawa mauzo ya kweli.

Mwaka 1934 Serikali ya Unguja iliingilia kati. Ilizuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishwe kwenda kwa wadai wa Kihindi bila idhini, ikawasimamisha wadai kwa muda wasikazie madai yao. Wafanya biashara wa Kihindi walinung'unika, na tusiwaone wote kuwa wanyang'anyi. Wengi wao nao walikuwa wamekopa kwa wakubwa wao, na fedha yao ilikuwa imelala katika mashamba. Mwaka 1937, ilipotoka sheria mpya ya biashara ya karafuu, walisusia karafuu kabisa, hata nchi ikatikisika. Mwaka 1938 pande zote zikapatana, na ikatungwa sheria ya kusuluhisha madeni ya mashamba.

Jambo la kushika hapa ni kwamba serikali na mahakama ziliweza kumwambia mdai, ‘Ngoja.’ Deni halikufutwa. Mdai aliwekewa mipaka: lini atashika, na kwa njia gani. Mipaka ya namna hiyo ndiyo inayotupeleka katika sheria ya leo.

KADI YA MSHAHARA

Mikumi imo katika wilaya hii hii ya Kilosa. Tawi la reli kutoka Kilosa lilifika huko mwaka 1960, na baadaye likapelekwa Kidatu kwenye miwa. Mbuga ya wanyama ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1964. Kisha barabara kuu ya kwenda Zambia ikaufanya mji uwe wa wapiti njia: nyumba za wageni, migahawa, maduka ya vipuri. Mji wa namna hii huhitaji fedha ya haraka, na penye haja ya fedha ya haraka hapakosekani mtu wa kuitoa.

Huko Marekani kadi ya kukopea ilianza kuenea katika miaka ya 1950. Diners Club ilianza mwaka 1950. Mwaka 1958 Bank of America iliwapelekea watu wapatao 60,000 wa mji wa Fresno kadi za mkopo bila wao kuziomba. Leo huko watu wengi hulemewa na madeni ya kadi, hupelekwa mahakamani, na mashauri mengi huamuliwa kwa upande mmoja tu kwa sababu mdaiwa hakujibu wito.

Kwetu mambo yamegeuka. Walio wengi kati yetu hawakukopa kwa kadi. Kadi yenyewe ndiyo iliyowekwa rehani. Mwalimu, muuguzi au mlinzi hupungukiwa katikati ya mwezi, akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Mkopeshaji huyo hamwulizi habari za shamba wala nyumba. Humwambia, ‘Niachie kadi ya benki na namba ya siri.’ Mshahara ukiingia, mkopeshaji ndiye anayekwenda kuutoa, akakata chake, akamkabidhi mwenyewe kilichobaki. Katika kazi yangu ya elimu nimewaona walimu wanaofundisha mwezi mzima, na siku ya mshahara wamesimama nje ya benki wakimngoja mtu mwingine atoke na fedha zao.

Kwa nini anataka kadi? Kwa mtumishi wa serikali sheria imeweka mpaka: makato ya madeni yasizidi theluthi mbili ya mshahara, theluthi moja ibaki apate kuishi. Aliyeishika kadi mkononi amelivuka boma hilo lote. Anaweza kuondoka na shilingi ya mwisho, wala hakuna mwajiri wala hakimu atakayeona. Katika kipande cha mkonge angalau siku zako za kazi ziliandikwa mbele ya macho yako.

Mikopo hii watu wameipa jina, kausha damu, na jina limeenea nchi nzima. Tufanye hesabu, kwa maana hasira bila hesabu haisaidii. Tuseme umekopa shilingi 200,000 kwa faida ya 30 kwa mia kila mwezi. Kila mwezi wadaiwa faida ya shilingi 60,000. Ukilipa faida peke yake kwa miezi minne, umetoa shilingi 240,000, na deni lako bado ni shilingi 200,000 kamili. Umelipa zaidi ya ulichochukua, na hujapunguza hata senti. Sasa linganisha. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, na chini yake mkopeshaji hutakiwa kuwa na leseni. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana za watu, Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Katika shilingi 200,000 hiyo ni shilingi 7,000.

Wengine hukopa kwa simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wengi wenu mmeyaona mambo yao: mkopaji akichelewa, ujumbe hupelekwa kwa shemeji, kwa mwajiri, kwa kila aliyemo katika simu yake, kwamba fulani ni tapeli. Zama za misafara mdai alishika mwili. Hawa hushika aibu yako. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtu aliyetendewa hivyo anayo haki ya kulalamika.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba kila anayelemewa ni mjinga aliyetapanya. Desemba 2009 na Januari 2010 mto ule ule Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia Kilosa, ukabomoa nyumba na kuing'oa reli. Aliyekuwa na mkopo wa mbegu au wa bidhaa za duka aliamka asubuhi hana shamba wala duka, na tarehe ya marejesho haikusogea.

BARUA YA MAHAKAMA

Sasa tulijibu swali letu kwa leo. Waingereza walileta huku sheria ya mashauri ya madai waliyokuwa wameitengeneza India mwaka 1908. Baada ya uhuru tukatunga yetu, Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, na ndani yake mengi ya ile ya India yamebaki. Sheria hiyo ina orodha ya vitu ambavyo havikamatwi kwa kukazia hukumu. Nguo za lazima za mdaiwa na za jamaa yake hazikamatwi. Vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, havikamatwi. Fundi haondolewi zana za ufundi wake, na mkulima haondolewi jembe lake, wala mbegu na wanyama ambao mahakama inaona kwamba bila wao hawezi kuishi. Hata nyumba anamokaa mdaiwa na mkewe na watoto wanaomtegemea imo katika kinga hiyo. Lakini angalieni sana: ukiiweka nyumba yako rehani kwa mkono wako mwenyewe, umeitoa katika kinga. Ndiyo maana nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi. Mama unayeletewa karatasi utie sahihi jioni, taa imefifia, una haki ya kusema, ‘Nitaisoma kesho.’

Kudaiwa ni shauri la madai. Si kosa la jinai, ila pakiwa na udanganyifu. Mkopeshaji hana ruhusa ya kuvunja mlango wako, wala polisi hawana kazi ya kumkusanyia marejesho. Anayekuja kukamata mali kwa hukumu ni dalali wa mahakama, naye huwa na hati. Mwulize hati. Isomeni pamoja.

Na mwili je? Bado upo mlango mdogo. Mdai aliyeshinda shauri aweza kuiomba mahakama imweke mdaiwa katika kifungo cha madai, kisichozidi miezi sita, na mdai mwenyewe ndiye anayetakiwa kulipa posho ya mfungwa. Kifungo hicho hakifuti deni. Lakini mdaiwa akiionyesha mahakama kwamba hakulipa kwa sababu ya umaskini wa kweli, wala hakuficha mali, mahakama yaweza kukataa kumfunga. Hapo sheria inamtofautisha asiyeweza na asiyetaka, nami naona ni moja ya kanuni zake zenye utu kuliko zote. Tatizo ni kwamba haina mdomo. Lazima wewe ufike uiseme.

Basi tuje kwenye barua yenyewe, ile samansi, ambayo wengi huikunja na kuiweka chini ya godoro. Katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, mdaiwa hupewa siku 21 za kuleta majibu yake kwa maandishi, tangu siku alipoipokea. Katika Mahakama ya Mwanzo hujibu kwa mdomo siku aliyoitwa. Asipojibu wala kufika, mahakama yaweza kusikiliza upande mmoja na kutoa hukumu. Hukumu hiyo yaweza kuombwa ifutwe ukiwa na sababu nzuri, lakini kupanda mlima huo ni kazi kuliko kuhudhuria siku ya kwanza. Ukifika waweza kuuliza mambo mengi. Je, hesabu hii ni sahihi? Malipo yangu ya mwezi wa tatu yako wapi? Huyu anayenidai ana leseni? Je, deni hili limeshapita miaka sita, ambayo kwa kawaida ni mwisho wa kudai kwa mkataba? Hapo pana mtego mmoja: ukilikubali deni la zamani kwa maandishi, au ukilipa sehemu yake kabla miaka haijatimia, hesabu ya miaka huanza upya.

Na kama deni ni la kweli, nawe huna la kubisha, bado una jambo la kuomba. Mahakama ina uwezo wa kuamuru deni lilipwe kwa mafungu, kadiri ya kipato chako. Hakimu hataweza kukikadiria kwa kukutazama uso. Peleka karatasi ya mshahara au daftari la mauzo ya duka, risiti zote ulizolipa, na hesabu ya matumizi ya nyumba yako iliyoandikwa kwa ukweli: unga, ada, kodi, dawa. Taja kiasi unachoweza kulipa kila mwezi bila kukosa, hata kama ni kidogo. Ukitaja kikubwa ili uonekane muungwana, ukashindwa mwezi wa pili, umeharibu maombi yako mwenyewe. Kama benki au SACCOS haijafungua shauri bado, hesabu hiyo hiyo ipeleke kwao kwa barua, ubaki na nakala yenye muhuri wao. Na aliyeiacha kadi yake kwa mtu aende benki aifunge, apewe nyingine. Namba ya siri ni yake peke yake. Deni litabaki, lakini mdai huyo atalazimika kulidai mbele ya watu, kwa viwango vinavyotajika.

Vikundi vya kusikiliza vifanye kazi hii kabla ya Jumatano ijayo. Tafuteni mkataba mmoja wa mkopo kutoka kwa mwana kikundi aliye radhi, mfunike jina lake. Usomeni wote, neno kwa neno, hata maandishi madogo ya nyuma. Kisha hesabuni kwa shilingi: amepokea kiasi gani mkononi, atalipa jumla gani, na nini kitakachoshikwa asipolipa. Mkikuta neno msilolielewa, liandikeni mlilete kwa mwalimu wa kituo.